Tiketi Yenye Doa la Jemu

"Simjui huyu mwanamke."

Maneno matatu tu, jamani. Matatu!

Na aliyeyatamka hakuwa mpita njia. Alikuwa Marge. Marge wangu! Mtu niliyekaa naye goti kwa goti kwenye treni ya asubuhi miaka tisa. Mtu aliyemfumia mume wangu kofia ya sufu alipolazwa hospitali.

Mkaguzi akamuuliza tena, "Una uhakika, mama? Yeye anasema ni rafiki yako."

Marge hakupepesa jicho.

"Kwenye treni watu wanasema mengi. Mimi simjui."

Nje theluji inamwagika, baridi ni nyuzi ishirini chini ya sifuri, na mimi naambiwa nishuke kwenye kituo ambacho sijawahi kukanyaga!

Wadau, tulieni niwasimulie. Nina hasira bado, kwa hiyo nikikosea adabu mtanisamehe. Au msinisamehe, shauri yenu.

Naitwa Renata Kosinski. Nina miaka arobaini na sita, naishi Orchard Junction, nje ya Chicago. Kazi yangu ni karani kwenye maabara ya kutengeneza meno ya bandia huko mjini.

Cheka tu. Lakini hayo meno ndiyo yanamweka mume wangu hai.

Walt figo zake zilikufa. Mara tatu kwa wiki anasafishwa damu kwa mashine, na bima inayolipia hiyo mashine ni ya kazini kwangu. Nikifukuzwa kazi, bima imeondoka. Kwa hiyo msije mkasema huyu mama analilia usafiri. Nilikuwa nalilia figo.

Sasa njoo kwenye treni yenyewe. Kampuni ya reli ya Blue Prairie... ngoja kwanza nivute pumzi.

Hawa watu wanajua kupandisha nauli kuliko wanavyojua kuendesha treni. Kiangazi wanakwambia reli imepata joto. Majira ya baridi wanawasha moto wa gesi kwenye maungio ya reli, moto kabisa unaouona unawaka, ili barafu isigandishe njia. Na bado treni haiji!

Ukinunua tiketi kwa simu, wanakukata ada ya "urahisi". Ukienda dirishani, dirisha limefungwa. Ukienda kwenye mashine, mashine imeganda. Ukisema basi nitanunua ndani ya treni, unapigwa faini ya dola kumi juu ya nauli. Na tangu Januari ndani ya treni hawagusi fedha taslimu, wanataka kadi tu.

Urahisi! Wa nani sasa?

Tangu Krismasi nilikuwa nimechelewa kazini mara mbili kwa ajili yao. Mara mbili, barua mbili. Bosi wangu, Halvorsen, ni mtu wa barua.

"Treni ilikwama, bosi," nilimwambia.

"Hali ya hewa si kisingizio, Renata. Mtu mzima anaangalia utabiri, anapanda treni ya mapema."

"Hiyo yangu ndiyo ya mapema! Iliyokuwa kabla yake waliifuta mwaka jana."

"Barua ya tatu ni ya kwaheri," akasema, akarudi kwenye meno yake.

Jumatatu ya wiki ile nikaona tangazo mtandaoni. Nafasi ya karani, maabara ya Halvorsen. Nafasi yangu! Mimi bado nimeikalia na yeye ameshaitangaza.

Nilimlilia nani? Marge.

"Usilie, shosti," akaniambia, ananipa tishu. "Kwani anatafuta mtu wa aina gani?"

"Karani tu. Wa kupokea oda na kushika simu."

"Mshahara je?"

"Wa kawaida. Ila bima ni nzuri, Marge. Bima ndiyo kila kitu."

"Mh," akasema.

Nikadhani ni ile "mh" ya kunihurumia.

Kesho yake ilikuwa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Sisi Wapolandi wa huku siku hiyo hatuna mchezo. Tunakula pączki, yale maandazi manene yaliyojaa jemu, mpaka mtu anafungua kifungo cha suruali. Nilikuwa nimepanga foleni dukani tangu jana yake nikapata boksi la dazeni moja, kwa ajili ya watu wangu wa treni.

Watu wangu. Hebu nisikieni nilivyokuwa mjinga.

Treni yetu ni ya saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Ilifika saa moja na dakika thelathini na nne. Muda wote huo ubao wa kituoni unaandika INAKUJA KWA WAKATI. Tumesimama pale kope zinashikana kwa barafu. Simu yangu ilikuwa na chaji ya kutosha, baridi ikaiua ndani ya mfuko.

Ndiyo maana mimi ni mtu wa karatasi. Tiketi yangu ya mwezi ni kipande cha karatasi ngumu, haina jina wala chaji, na baridi haiiwezi.

Tukapanda. Viti vyetu ni vilevile kila siku, vinne vinavyotazamana. Mimi na Marge upande mmoja. Mbele yetu mzee Chester, fundi viatu, na kiti cha nne ni cha makoti. Tunaweka kipande cha boksi juu ya magoti tunacheza karata mpaka mjini.

Kila kiti kina kibanio. Unachomeka tiketi yako pale, kondakta akipita anaiona, unaendelea na mambo yako. Mimi yangu nilichomeka kama kawaida, ila vidole vilikuwa na jemu, nikaichafua kwenye kona.

"Renata, umeilisha na tiketi?" Chester akacheka.

"Ina haki. Ndiyo inayolipa hapa."

Kuna jambo moja lazima mlijue. Kondakta wetu, Gus, alikuwa na miaka hajatazama tiketi zetu. Anapita tu, anatikisa kichwa. "Nyie ni familia, niwakague nini?" Kila Krismasi tunampa bahasha na biskuti. Kwa hiyo hata sisi wenyewe hakuna aliyejua mwenzake amechomeka nini. Mtu mzima utachunguzaje tiketi ya rafiki yako?

Nikainuka na andazi moja kumpelekea Gus kule mwisho wa behewa. Tiketi nimeiacha kwenye kibanio. Miaka tisa nimeiacha kwenye kibanio!

Narudi, nakuta mwanamke amevaa koti la kampuni amesimama kwenye viti vyetu. Kwenye kifua pameandikwa PRUITT. Mkaguzi. Alipanda kituo cha nyuma, bila taarifa.

"Tiketi yako?"

"Hiyo hapo kwenye..."

Kibanio kitupu.

Nikaangalia chini ya kiti. Nikatikisa koti. Nikafungua boksi la maandazi, kana kwamba tiketi ina miguu.

"Ilikuwa hapa! Chester, si uliiona?"

Mzee Chester akazama kwenye karata zake kama anatafuta jina lake mle ndani.

"Mzee Chester!"

Akazidi kuinamia karata. Sababu nilikuja kuijua baadaye. Ana miaka sitini, na anasafiri nusu nauli kwa kadi ya kaka yake mwenye sabini na moja. Angefungua mdomo, mkaguzi angemtazama usoni.

"Gus! Mwambie huyu mimi ni nani!"

Gus alikuwa amesimama hatua tatu tu, jemu bado ipo kwenye sharubu. Akamtazama mkaguzi, akatazama dirisha.

"Abiria ni wengi, mama. Siwezi kuwakumbuka wote."

Gus akauza mechi! Angesema ananijua, angeulizwa ameikagua lini tiketi yangu.

"Tiketi ya safari moja pamoja na faini," akasema Pruitt, ananyoosha mashine ya kadi.

"Kadi nimemwachia mume wangu, leo anarudi na teksi kutoka kusafishwa damu. Nina dola hamsini hizi hapa, chukua."

"Hatupokei fedha taslimu."

"Ni pesa ya nchi hii! Soma hapo!"

"Mama, kadi au simu."

"Simu imezima kwa baridi ya kuisubiri treni yenu!"

"Basi utashuka Marlow Park."

Saa tatu kamili niwe kazini. Ikifika saa tatu na dakika moja, barua ya tatu iko mezani.

Nikamgeukia Marge. Sikuwa hata na wasiwasi, jamani.

"Marge, nilipie na kadi yako. Pesa yako hii hapa."

Pruitt akamuuliza, "Mnafahamiana?"

Na hapo ndipo Marge, mwenye tiketi imechomekwa vizuri kwenye kibanio chake, akatamka yale maneno matatu.

Nilishuka. Ningefanya nini? Nilishuka na boksi langu la maandazi kifuani, maana hilo hawakulipata. Afadhali njiwa wale kuliko wao.

Nimesimama kwenye jukwaa, nikageuka kutazama dirisha letu.

Marge alikuwa ameishika tiketi mkononi. Amelowesha tishu kwa mate.

Alikuwa anafuta jemu.

"MARGE!"

Nilipiga lile dirisha kwa ngumi. Hakuinua kichwa. Treni ikaondoka na tiketi yangu, na kiti changu, na miaka yangu tisa.

Sasa Marlow Park ni kituo cha kibanda na taa. Hakuna teksi. Basi la kwenda mjini, tangazo linasema limefutwa kwa sababu ya theluji. Nikatoka mtaani natembea kama mlevi, natukana kwa Kipolandi alichonifundisha bibi yangu, na bibi alinifundisha vizuri.

Kando ya barabara nikaona kiti cha jikoni, chekundu, kimesimama katikati ya nafasi ya gari iliyochimbwa theluji safi kabisa.

Nikakikalia.

Wanaotoka huku kwetu hapo wameshashika kichwa. Ukichimba theluji kutoa gari lako, unaacha kiti pale kulinda nafasi mpaka urudi. Kiti cha mtu hakiguswi. Watu wamepasuliwa vioo vya magari kwa ajili ya kiti kama hicho.

"INUKA!"

Mwanamke mfupi, mpana, ana koleo mkononi. Nyuma yake gari kubwa lenye bamba la chuma mbele la kusukumia theluji, limewaka, linanguruma.

"Inuka kwenye kiti changu kabla sijakuinua na hili koleo!"

"Mama, mimi sina hata gari. Nimechoka tu."

"Hicho kiti si cha kukalia!"

"Kiti si cha kukalia? Cha nini sasa?"

"Cha kulinda! Nimechimba hapo tangu alfajiri, mgongo umeniisha, halafu unakuja kuweka makalio yako! Nani wewe?"

Hapo nikapasuka. Sikulia, nilipiga kelele.

"Mimi ni mtu niliyetupwa na treni! Nimelipa mwezi mzima, nimetupwa kama ganda la ndizi! Nipige basi na hilo koleo, tumalize!"

Koleo likashuka kidogo.

"Treni gani?"

"Blue Prairie."

"Wale mbwa?"

"Haohao."

Akatema mate kwenye theluji.

"Mama yangu ana miaka themanini na mbili. Mashine yao ilimeza kadi yake, halafu ndani ya treni wakampiga faini kwa kukosa tiketi. Themanini na mbili! Nikapiga simu, nikasubiri saa nzima nasikilizishwa muziki." Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Unakwenda wapi?"

"Mjini. Saa tatu kamili."

"Mimi nina mkataba wa kusafisha maegesho ya hospitali huko. Panda. Na hilo boksi ni nini?"

"Maandazi. Pączki."

"Ungesema mapema, mama. Panda!"

Anaitwa Ofelia Barrientos. Nimeandika jina lake kamili makusudi, na mtaona kwa nini.

Tulirudisha kiti mahali pake, tukakisawazisha vizuri, tukaondoka. Ofelia anaendesha kwa mkono mmoja, andazi mkono mwingine, na mdomo ukiwa na nafasi anaitukana Blue Prairie. Na mimi namsaidia. Nawaambia, hakuna kitu kinachounganisha watu haraka kama kumchukia mtu mmoja.

Barabara kuu magari yanatambaa. Sisi tuna bamba la chuma na taa ya njano juu, tunapasua theluji tu, watu wanatupisha wenyewe.

Tukafika kwenye daraja linalopita juu ya reli. Ofelia akapunguza mwendo.

"Renata. Ile si treni yako?"

Nikachungulia. Kweli! Imesimama katikati ya uwanda, theluji imefika magurudumuni. Mbele yake wafanyakazi wanahangaika na moto kwenye maungio ya reli. Haitikisiki.

"Ndiyo yenyewe."

"Kwa hiyo wamekushusha kwenye treni iliyokufa?"

Tukatazamana. Tulicheka, jamani, mpaka Ofelia akakosakosa nguzo ya taa!

Saa tatu kasoro dakika tisa nilikuwa nimesimama mbele ya Halvorsen.

Alikuwa na vijana wawili wa karakana, mikono yake yote miwili imejaa plasta nyeupe, ule unga wa kuumbia meno. Akaangalia saa ya ukutani. Akaniangalia mimi. Akaangalia saa tena. Nyie, yule mtu alisikitika! Nilimwona kwa macho yangu anasikitika kwamba nimewahi.

"Umefikaje?" akauliza.

"Si ulisema mtu mzima anaangalia utabiri?"

"Mm. Sikukutegemea. Nina mtu wa usaili saa tatu na nusu, kwa ile nafasi ya..." Akajikohoza. "Kwa nafasi."

"Nafasi gani? Mimi nipo."

Hajajibu, simu ya mezani ikalia. Mikono ina plasta, akabonyeza kitufe cha spika kwa kiwiko.

"Halvorsen."

"Habari za asubuhi, Bwana Halvorsen! Mimi ni Marjorie Delahunt, wa usaili wa saa tatu na nusu."

Jina halikuniambia kitu. Sauti ndiyo ilinipiga kibao.

"Naomba radhi sana," sauti ikaendelea, tamu kama asali. "Treni yetu imekwama. Maungio yameganda, hawajui tutatoka saa ngapi. Mimi si mtu wa kuchelewa kabisa, nakuapia."

Na Halvorsen, Halvorsen huyuhuyu wa barua, akasema nini?

"Pole sana, Bi Delahunt. Usijisumbue. Treni ikikwama si kosa la mtu. Hali ya hewa hii!"

Nyie!

Si kosa la mtu!

Vijana wa karakana wakanitazama. Wanazijua barua zangu zote mbili.

Nyuma ya ile sauti ya asali nikasikia mtu mzima anakohoa, halafu anasema, "Marge, zamu yako. Cheza bwana, karata zinapoa."

Chester.

Kumbe ndiyo ilikuwa ile "mh". Ndiyo maana aliuliza mshahara. Nilimlilia begani, naye yuko begani anahesabu bima yangu! Alihitaji mambo mawili asubuhi ile, tiketi na mimi kuchelewa. Kwenye kibanio changu akayakuta yote mawili. Na anamjua Walt! Ile kofia ya sufu aliipima kwenye kichwa chake!

Halvorsen akauliza, "Unatokea laini gani, Bi Delahunt?"

"Blue Prairie, inayopita Orchard Junction."

"Aa! Basi ni treni ya karani wangu." Akanigeukia, mikono juu kama daktari wa upasuaji. "Renata, unamjua huyu?"



Nilikuwa na mengi ya kusema. Tiketi, jemu, mate kwenye tishu. Yote yalikuwa kwenye ulimi, yamepanga foleni. Nikainama mpaka kwenye spika ili asikie vizuri.

"Simjui huyu mwanamke."

Pumzi ikavutwa upande wa pili.

"Re... Renata?"

Halvorsen akakunja uso. "Mbona yeye anakujua?"

"Basi amenizidi, bosi. Mimi nilidhani ninamjua."

Tiii. Simu imekatwa.

Nikaweka boksi mezani, nikajipangusa mikono.

"Sasa, bosi. Treni ikikwama si kosa la mtu. Umesema mwenyewe, tumekusikia watatu. Zile barua zangu mbili tunazifanya nini?"

Mmoja wa vijana akakohoa kuficha kicheko. Halvorsen akawa mwekundu mpaka masikioni. Alizitoa kwenye faili na plasta yake mkononi, akazichana mbele yangu. Tangazo lilishuka mtandaoni kabla ya chakula cha mchana. Siyo kwamba ana roho nzuri. Alikosa pa kutokea tu.

Treni ile ilifika mjini saa tano na nusu.

Kesho yake nilipanda na tiketi mpya, niliyoinunua kwa pesa yangu, pamoja na ada yao ya urahisi, walaaniwe. Gus akaja ameinamisha macho.

"Tiketi?" akaninong'oneza.

"Tazama vizuri, Gus. Abiria ni wengi."

Marge hakuwepo. Chester alikuwepo, amekunja mikono bila karata.

"Hakuwa na kazi tangu Novemba," akasema. "Ametuambia jana, tulipokwama. Ofisi yao ilifungwa. Alikuwa anapanda treni kila asubuhi kama kawaida, akifika mjini anakaa maktaba mpaka jioni. Tiketi alikuwa hana miezi mitatu. Aliona aibu, Renata."

Nikahesabu kwa vidole kuanzia Novemba.

Miezi mitatu! Amekaa ubavuni kwangu, tunacheka, tunacheza karata, hana kazi, na mimi sikujua. Hata jina lake la ukoo nimelijulia kwenye spika ya simu. Ofelia nilimjua kwa asubuhi moja kuliko Marge kwa miaka tisa, kwa sababu Ofelia alianza kwa kunitolea koleo na Marge alianza kwa kunitolea tishu.

"Angeniambia, Chester, ningempa hiyo tiketi siku zote nisizoitumia. Ningemtafutia kazi kwa magoti."

"Najua."

"Na wewe ukatazama karata."

"Najua, Renata."

Mmeshaanza kuandika kwenye maoni, "msamehe, dada, alikuwa na shida." Shida ninayo mimi, iko nyumbani imevaa kofia ya sufu, mara tatu kwa wiki. Shida haikufundishi kuiba tiketi ya mtu na kuifuta jemu.

Somo langu ni hili, mlichukue au mliache. Kukaa karibu na mtu siyo kumjua. Muulize jina lake lote. Muulize mambo yakoje, na usikubali jibu la "safi tu". Na siku ukimpa siri yako, angalia kama anakuhurumia au anauliza mshahara.

Kituo cha tatu akapanda dada mmoja, amejaa theluji mabegani, anatafuta pa kukaa. Akaona kiti cha ubavuni kwangu.

"Samahani, kina mtu hiki?"

Chester akanitazama.

Nikaondoa begi langu.

"Hakina mtu," nikamwambia. "Hakijawahi kuwa na mtu. Kaa. Unaitwa nani, jina lako lote?"